Siki, Chumvi na Ndege wa Mikia Miwili

6 Bahman

Daktari wa kliniki kaniambia niandike kila siku, hata kama siku yenyewe haina kichwa wala miguu. Nikamwambia, Daktari Mahvash, mimi miwani nasahau nimeiweka wapi, nitakumbuka kuandika? Akasema, "Ndiyo maana utaandika, Farrokh." Mama huyu ana majibu! Basi naandika. Theluji imeanguka mjini Kashan tangu alfajiri, ndiyo Bahman, mwezi wa baridi, mapaa yote meupe. Dada yangu Touran kanituma dukani kwa Mzee Habib nilete siki. Nimeleta chumvi.

7 Bahman

Touran anasema chumvi tunayo. Nimekubali. Tunayo.

9 Bahman

Niseme mimi ni nani, maana atakayesoma haya mwakani huenda nikawa mimi mwenyewe, nami nimeshajisahau.

Mimi ni Farrokh, mwana wa marehemu Fundi Yadollah, na kazi yangu ni mwimba-ramani. Kwetu zulia halifumwi kimyakimya. Wafumaji wanakaa mbele ya kitanda cha kufumia, na mwimbaji anakaa kwenye kigoda nyuma yao na ramani ya zulia mapajani, ile yenye vijumba vya rangi, kila kijumba fundo moja. Anaimba: "Mbili nyekundu, moja buluu, ruka tatu, weka nyeupe!" Nao wanafunga mafundo. Baba aliimba hivyo mpaka alipokufa. Nikarithi mimi kigoda, na sijisifu, lakini watu walikuwa wakisimama uchochoroni wanisikilize.

Halafu nikaingia kwenye unga. Unga ukanikabidhi kwa kioo, yale madawa ya chengachenga wanayovuta kwa kibomba. Na katikati ya hayo sindano ya mwenzangu ikanipa virusi vya Ukimwi. Miaka saba Touran hakuniona mlangoni kwake. Sasa nimetulia, nimerudi kwake. Asubuhi nakunywa methadoni, dawa ya kutuliza hamu ya unga, jioni nameza dawa za virusi, na daktari anasema virusi havionekani tena kwenye damu. Nikamuuliza, kama havionekani, mbona na mimi miwani yangu siioni? Akaninyooshea kidole. Ilikuwa kichwani.

11 Bahman

Leo kaja kaka yetu mkubwa, Nosrat, mfanyabiashara wa majani ya chai, na sharubu zake. Kasimama mlangoni mwa chumba cha kufumia bila kuvua koti.

"Touran, huyu anafanya nini hapo?"

"Anaimba ramani, Kaka."

"Anaimba, au anasinzia kwa sauti?"

Sanam, binti wa Touran, akacheka, kisha akajikohoza. Zulia tunalofuma ni lake. Anaolewa mwezi mmoja baada ya Nairuzi, mwaka wetu mpya, na kwetu bibi harusi haendi kwa mume bila zulia la mkono wa mama yake.

Nosrat hakucheka. Akasema wakwe wanakuja kututembelea siku ya Nairuzi, na zulia lazima liwe limekatwa na kutandikwa. "Siku ya kulikata nitakuja. Nikimkuta ana akili timamu, akae. Nikimkuta hivi, anazungukazunguka kama kuku aliyepoteza banda, nampeleka kambi ya mateja ya barabara ya jangwani mpaka harusi ipite. Siwezi kuaibishwa na teja mbele ya watu."

"Si teja tena, Kaka," Touran akasema.

"Mbona anasahau kama teja?"

Ile kambi naijua. Hakuna methadoni, hakuna dawa za virusi, kuna maji baridi na mkanda. Mara ya mwisho nilitoka nimebebwa. Nikirudi kule na dawa zikakatika, sitoki tena. Naandika hivi ili nisisahau, ingawa hili sidhani kama litasahaulika.

14 Bahman

Leo nimenunua chumvi.

15 Bahman

Sanam kaipanga chumvi yote rafuni. "Mjomba, tukichoka kufuma tutafungua mgodi."

18 Bahman

Kazi imekwenda. Tumefika kwenye bulbuli, ndege wa katikati ya zulia. Baba ndiye aliyeichora ramani hii, na bulbuli huyu alimpenda kuliko sisi watoto.

Naimba nikimtazama Touran mgongo. Zamani alikuwa anaitikia. Ndiyo desturi yetu. Mwimbaji akiita "Mbili nyekundu!", mfumaji anajibu "Mbili zimekaa!", na hapo ndipo mwimbaji anasogea mbele. Baba akiita, sisi watatu tunajibu, mimi na Touran na Nosrat, kabla Nosrat hajapelekwa dukani kwa mjomba wetu kujifunza biashara ya chai. Nyumba nzima ilikuwa kelele tupu.

Siku hizi Touran hajibu. Miaka saba alifuma bila mwimbaji, ramani kaibandika ukutani, na redio ndiyo mwenzake. Nami nikiimba sasa, redio ndiyo inayonijibu. Naita "Tatu buluu!", inaniambia bei ya nyanya. Sanam naye anafuata mfano wa mama yake. Nadhani Touran bado ana kinyongo na mimi. Haki yake, na wala simwambii.

23 Bahman

Dizi, ule mchuzi wa kondoo na dengu, mkate wa moto, kitunguu. Siku nzuri. Sikukosea hata rangi moja.

27 Bahman

Nilikwenda kwa fundi viatu, mtaa wa pili tu, nikajikuta kwenye soko la shaba. Nikajifanya nimekuja kutazama masufuria. Muuza masufuria kanipa chai, tumeongea sana, mtu mzuri. Viatu sikuvichukua.

Vidole navyo vimekuwa vizito. Kufunga vifungo vya shati imekuwa shughuli ya asubuhi nzima. Touran anapita, anatazama, anasonya.

2 Esfand

Leo nitaandika sana, maana leo dunia imenipindukia.

Tulikuwa tumemaliza chai ya alasiri. Sanam akarudi nyuma hatua kadhaa kulitazama zulia kwa mbali, kama wafumaji wafanyavyo. Akainamisha kichwa huku, akainamisha kule.

"Mama," akasema. "Huyu ndege ana mikia mingapi?"

Touran akazima redio. Akaja akasimama karibu na bintiye. Nami nikaja. Jamani! Mkia umekaa pale ulipotakiwa, na juu ya mkia, mkia mwingine. Bulbuli wa Baba amekuwa kama mtu aliyevaa makoti mawili. Siku ile ya dizi, kumbe, baada ya chakula nilirudi kigodani nikaanza upya mistari ambayo tulishaifuma asubuhi, nikaiimba yote tena kwa sauti nzuri kabisa, nao wakaifuma. Kufumua haiwezekani, tumeshapanda juu mno, na Esfand ndio mwezi wa mwisho wa mwaka, Nairuzi iko mlangoni.

Sanam akaziba mdomo kwa kitambaa, mabega yanatikisika. Lakini Touran alikuwa amegeuka rangi.

"Umevuta."

"Sijavuta."

"Umevuta, Farrokh! Mtu mzima hawezi kusahau alichokiimba kabla ya kula."

"Wallahi sijavuta, dada."

Akaenda jikoni, akarudi na kipimo cha mkojo cha duka la dawa na glasi. "Kojoa humu."

"Kwenye glasi ya chai?"

"Nitaitupa!"

"Ile ya mahari yako?"

"Farrokh!"

Nikakojoa, nifanyeje. Kipimo kikasema sijavuta. Touran akakigeuza, akakitikisa, kama anatafuta stesheni. Akasubiri tena. Sijavuta. Nikadhani sasa ataomba radhi, atanipa hata biskuti. Badala yake akakaa kitako juu ya marobota ya sufu, akaniambia kwa sauti ndogo sana, "Kama hujavuta, basi una nini?"

Swali hilo limeniumiza kuliko matusi yote. Afadhali ningekuwa nimevuta, angalau tungejua. Naogopa. Naandika wazi: naogopa kwamba Nosrat anasema kweli, kwamba akili yangu imekwisha na mimi ndiye wa mwisho kupewa taarifa.

4 Esfand

Nimekutana na Qodrat kwenye ukuta wa hamamu ya zamani, anaota jua. Tulivuta pamoja miaka mingi. Meno hana, lakini uchangamfu anao.

"Farrokh, mwana wa fundi! Mbona uso umekunjamana kama shati la mazishi?"

Nikamweleza habari ya ndege. Akacheka hadi akakaa chini. Kisha akanivuta sikio. "Kichwa chako kimelala tu, ndugu yangu. Kinataka kuamshwa. Unakumbuka ulivyokuwa unaimba ukishavuta? Siku mbili mfululizo, hukosei, huchoki!"

"Nakumbuka."

"Basi! Kidogo tu, mpaka zulia likatwe. Kaka yako aje akukute unang'ara. Halafu acha."

Na ndilo lililonikamata, kwamba maneno yake yana akili. Kaka anataka kuniona timamu, na kioo kinajua kumfanya mtu aonekane timamu. Akanitilia mkononi kikaratasi chenye kioo ndani, akasema hiki ni zawadi ya sikukuu. Nikakitia mfuko wa koti. Naandika hapa ili uongo usiwepo: sikukikataa. Nilimshukuru.

Nimefika nyumbani, nimekula, nimelala.

5 Esfand

Nimeamka nikiwaza kile kikaratasi. Nikaenda kwenye msumari nyuma ya mlango. Koti halipo! Nikatafuta chini ya magodoro, juu ya kabati, ndani ya tanuri. Nikaanza kushuku kama nilirudi nalo.

Nikatoka uani. Touran na Sanam wameanza usafi wa Nairuzi, ule wa kuitikisa nyumba yote kama mti wa matunda. Mazulia yamening'inizwa, mapazia kwenye beseni, na koti langu liko kambani, linatiririka maji.

"Umelifua?" nikauliza.

"Lilikuwa linanuka mbuzi," Touran akasema, wala hakugeuka.

"Mifukoni mlikuwa na..."

"Chumvi," akasema.

Sikujua nicheke au nilie. Nilitaka kulia, kisha nikahisi kitu kimenitoka mabegani, nikashika fimbo nikaanza kupiga mazulia. Nimepiga hadi vumbi likaniziba pua.

7 Esfand

Leo ni siku yangu ya kliniki, na Touran kanifuata. Hajawahi. Kavaa viatu vyake vya harusi za watu, kakaa mbele ya Daktari Mahvash na mkoba mapajani kama aliyekuja kuposa.

"Daktari, ndugu yangu havuti. Nimempima. Lakini kichwa hakishiki. Niambie ukweli, anaigiza?"

"Haigizi," daktari akasema. Akavuta kiti karibu. "Virusi haviishii kwenye damu, mama. Vinapanda kwenye ubongo mapema, vinauletea uvimbe mdogo usiouma wala kuonekana. Dawa zinavibana, tena vizuri, lakini ule uvimbe hautulii wote. Sasa kioo nacho kinachoma palepale, sehemu za kukumbuka, za kupanga, za kushika neno kichwani mpaka ulitumie. Hata mikono inakuwa mizito. Ninyi ni watu wa mazulia. Kirusi chukulia ni nondo, yule mdudu anayekula sufu, kioo chukulia ni unyevu. Zulia lenye nondo peke yake unaweza kuliokoa. Lenye unyevu peke yake, vilevile. Likipata vyote viwili pamoja..."

"Halifiki Nairuzi," Touran akasema.

"Linafika, likitolewa kwenye unyevu na kutiwa dawa ya nondo. Ndicho alichofanya huyu."

Nikapata ujasiri. "Daktari, rafiki yangu mmoja anasema kioo kinaamsha akili."

Akanitazama. Touran naye akanitazama, kwa namna ambayo sikuipenda.

"Kinaamsha," daktari akasema, "kama anayechoma nyumba yake apate mwanga."

"Aliimba siku mbili usiku na mchana," Touran akasema ghafla. "Enzi zile. Siku mbili, Daktari, kwenye chumba kitupu. Kitanda hakikuwa na uzi hata mmoja. Alikuwa anauimbia ukuta. Nilisimama mlangoni nikamwita, hakunisikia. Ndiyo siku niliyomfungia mlango."

Hilo sikulijua. Mimi miaka yote hii nimekuwa nikilikumbuka lile kama siku yangu kubwa.

Nikamuuliza daktari kama itarudi. Akasema baadhi itarudi, polepole, kila siku ninayokaa bila kuvuta. Nimeze dawa bila kukosa, nilale, nile, nitembee, niongee na watu. Na kisichorudi tutakizunguka. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Usikitegemee kichwa chako peke yake, tafuta wa kukushikia neno." Kisha akauliza, kwa udadisi tu, kwamba hii kazi ya kuimba ramani inakwendaje. Nikamweleza. Mimi naita rangi, wao wanafunga.

"Na wao wanakujibu nini?"

Touran akaanza kuvitazama viatu vyake.

Njiani amenishika mkono kwenye barafu, mpaka nyumbani.

8 Esfand

Touran kaichukua redio kaipeleka jikoni. Karudi, kakaa mbele ya kitanda, kashika uzi.

"Haya, imba."

"Mbili nyekundu!"

"Mbili zimekaa!"

Niliposikia sauti yake, vijumba vya ramani vikaanza kuogelea. Ni machozi. Sanam akasema, "Mjomba, unalowesha ramani ya babu."

10 Esfand

Nagundua jambo. Nikiita na kukawa kimya, neno linateleza, linaondoka, nabaki kwenye kijumba sijui nimekifikia au nimekipita. Lakini wakinijibu, jibu lao ndilo kumbukumbu yangu. Limekaa pale hewani, nalishika, nasogea. Sijapotea hata mara moja leo. Nimepotea kwenda chooni tu.

11 Esfand

Sanam kamwambia mchumba wake kila kitu, unga, kioo, virusi. Nikapiga kelele, mwanangu, umeniua! Akasema, "Kaniuliza kwani ananioa mimi au damu ya mjomba." Kijana huyo akija nitamkalisha mahali pazuri.

15 Esfand

Chumvi.

16 Esfand

Nimemwambia Touran leo. Tulikuwa tunachambua mboga. Nikasema, dada, siku ile kwenye koti langu hamkuwa na chumvi.

"Najua. Mfuko wa kushoto."

"Ulikitupa?"

"Nilikitia chooni, na maji ndoo tatu." Akaendelea kuchambua. "Niliwaza kumwita Nosrat. Nilishika simu. Halafu nikajiuliza, kama alitaka kuvuta, mbona hakuvuta?"

"Nilisahau, dada."

Akanitazama kwa mshangao, mdomo wazi, kisha akaanza kucheka, na mimi nikacheka, mpaka mboga zikamwagika. Tukachambua upya. Lakini baadaye alinishika ukosi akaniambia, "Safari nyingine usisahau. Safari nyingine kataa." Nimemwahidi. Naandika hapa: kataa. Nimeandika pia nyuma ya mlango, penye msumari wa koti.

20 Esfand

Qodrat kanipungia mkono kutoka ukutani. Nikamwambia, "Hapana, ndugu yangu, ila kuna daktari mmoja nataka akuone." Akasema mwakani. Nikasema mwakani ni wiki ijayo.

26 Esfand

Kazi ilibaki mistari michache ya pindo. Nosrat hakungoja siku ya kukata. Kaja leo, gari liko nje linanguruma, mkononi funguo na mkoba mtupu wa kutilia nguo zangu. Habari ya ndege imemfikia sokoni. Mpwa wangu haogopi mtu, kamsimulia kila aliyemuuliza.

"Zulia la harusi lenye ndege kilema!" akasema. "Mnataka wakwe waseme nini?"

"Watasema ndege tajiri, Mjomba," Sanam akasema. "Ana mkia wa akiba."

"Wewe nyamaza! Farrokh, fungasha."

Nikamtazama Touran. Yeye hakunyanyuka, hakulia, hakumbembeleza mtu. Alichukua shanuo lake la chuma la kugongea mafundo, akasema bila kugeuka, "Kaka, ulisema siku ya kukata. Bado mistari. Acha kwanza tumalize, kisha useme utakalo. Imba, Farrokh."

Nikakaa. Sauti ilitoka kama ya mlango mbovu.

"Moja nyeupe!"

"Moja imekaa!"

"Nne buluu, ruka mbili!"

"Nne zimekaa, mbili nimeruka!"

Nikaanza kupata pumzi. Lakini macho ya Nosrat yalikuwa yananichoma shingoni, na katikati ya mstari nikapotea. Ghafla, kabisa. Vijumba vyote vikawa sawa. Nikafungua mdomo, hakuna kitu. Nikasikia funguo zinalia mkononi mwake. Nikajisemea, ndiyo basi, kwaheri Farrokh.

"Tatu nyekundu zimekaa," Touran akasema, taratibu kabisa, kama anayemwonyesha mgeni mahali pa kuvulia viatu.

Tatu nyekundu, ndipo nilipoishia. Nikaziona! Nikaendelea hapohapo. "Moja ya majani!"

"Moja imekaa!"

"Mbili nyekundu, moja buluu!"

"Mbili na moja zimekaa!"

Sauti ikanifunguka. Nilisahau kama kuna gari nje. Niliimba mstari, nikaimba mwingine, wale wawili wananirudishia kila neno, shanuo linagonga, na chumba kimejaa kama zamani. Nikaita, "Tano nyekundu, na pindo lifungwe!"

"Tano zimekaa, pindo limefungwa!"

Zilikuwa sauti tatu. Touran aligeuka. Sanam aligeuka. Mimi nikageuka mwisho, maana mimi wa mwisho siku zote. Nosrat amesimama mlangoni, mkoba umeanguka miguuni, midomo bado iko wazi pale neno lilipotokea. Nadhani hata yeye hakujua kama ni yeye. Tangu akiwa mtoto hajaitikia ramani, na ilimtoka kama jina lake.

"Vumbi la sufu," akasema, akafuta macho kwa mkono wa koti.

"Ndiyo, Kaka," Touran akasema. "Leo lipo jingi."

Akaja akakaa kwenye robota, mzee mzima na sharubu. Akaniuliza mimi, wala si Touran, kwa mara ya kwanza tangu nirudi. "Akili yako imetoka, Farrokh, au haijatoka?"

"Imetoboka, Kaka. Virusi vimeitoboa na kioo kimeitoboa. Ukiniuliza jana nilikula nini, nitakudanganya. Lakini ukinijibu, sipotei."

"Na ile takataka?"

"Haimo!" Touran akaitikia, kwa sauti ileile ya ramani.

Nosrat akalitazama zulia. Akamnyooshea kidole bulbuli. "Baba angekuchapa."

"Angenichapa mara mbili," nikasema. "Ningesahau ya kwanza."

Hapo akacheka. Akatoka nje kuzima gari, akarudi, akaomba chai. Akanywa glasi nne. Mkoba kaondoka nao mtupu.

28 Esfand

Zulia limekatwa. Touran alishika mkasi, sote tukasema bismillahi, likaanguka mikononi mwetu zito na laini. Sanam kalilalia kifudifudi. Ndege ni mzuri. Nikimtazama sana namwona kama ndivyo alivyotakiwa.

29 Esfand

Mwaka unaisha kesho, meza ya Nairuzi imepangwa, tufaha, kitunguu saumu, ngano iliyochipua, kila kitu kipo isipokuwa siki. Touran akaniangalia. Nikamwangalia.

"Nitume," nikasema.

Sanam akasimama mlangoni. "Siki moja!"

"Siki moja!" nikaitikia, nikashika njia. Jirani anayepiga dirisha maji akauliza kuna nini, Sanam akamwambia, naye akanipokea: "Siki moja, Bwana Farrokh!" Nikajibu. Kinyozi kwenye kona akatoa kichwa: "Siki moja!" Nikajibu. Watu wazima wote wale, sikukuu imewalevya. Uchochoro mzima unapiga kelele kuhusu siki, mpaka paka wakapanda ukutani.

Nikaingia dukani kwa Mzee Habib. Kabla sijafungua mdomo, kaniwekea pakiti ya chumvi juu ya meza.

"Mzee Habib," nikamwambia, "safari hii wewe ndiye uliyesahau."

1 Farvardin

Mwaka mpya. Wakwe wamekuja, wametoa mikono, wamekaa. Mama yake bwana harusi ana macho makali. Hakuketi muda akamwona ndege.

"Zulia la ajabu hili," akasema. "Ramani kaimba nani?"

Nosrat alikuwa ameshika glasi ya chai, na mimi nilikuwa nimeshaanza kurudi nyuma kuelekea jikoni, ili nisimwaibishe mtu.

"Mdogo wangu," Nosrat akasema. "Huyo hapo, Farrokh. Sauti yake ni ya Baba." Akasogea kwenye godoro, akapigapiga nafasi iliyobaki kando yake.

Nikaenda nikakaa. Nakumbuka yule mama aliniuliza kitu na watu wote wakacheka, na nikajibu, wakacheka zaidi. Nilichojibu nimekisahau. Kesho nitamuuliza Touran.